Mfumo wa mmeng'enyo kwa matumbo ya mbuzi mmoja: mwongozo wa mezani

Mchoro wa ubaoni huuonyesha mfumo wa mmeng'enyo kama bomba refu lenye vifuko pembeni. Mwanafunzi anaunakili, anapanga majina, anapata alama zake, na bado hawezi kueleza kwa nini matooke yapite kwenye umio kwa sekunde chache kisha yakae tumboni saa kadhaa. Jibu liko kwenye ukuta wa bomba lenyewe. Toka umio mpaka puru, ukuta huo una tabaka zile zile nne. Kila kiungo kimeongeza tabaka moja na kupunguza nyingine kufuatana na kazi yake, na tofauti hizo zinashikika kwa vidole.

Mwongozo huu ni wa walimu wa biolojia na wanafunzi wa sekondari nchini Uganda, S3 hadi S6 (kidato cha tatu hadi cha sita). Mpenzi wa katogo ya byenda (matooke, yaani ndizi za kupika, yaliyopikwa pamoja na matumbo) aliyewahi kujiuliza kile "kitabu" kwenye sahani yake ni kiungo gani, naye atapata chake humu.

Kwa nini mbuzi

Panya anayepasuliwa kwenye maabara za S5 na S6 ni mdogo mno. Majina utayaona, ukuta hutaushika. Tena panya hana mfuko wa nyongo kabisa, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayepoteza dakika kumi akiutafuta. Nguruwe ndiye anayemkaribia binadamu zaidi kwa kuwa ana tumbo moja, lakini madarasa yetu yana Waislamu na Waadventista, na hakuna sababu ya kuwatoa nusu ya wanafunzi nje ili wengine wasome. Mbuzi hugusika na wote. Kasoro yake ni moja: anacheua, kwa hiyo tumbo lake lina vyumba vinne, na ni kimoja tu kinachofanana na tumbo letu. Kasoro hiyo tutaigeuza kuwa somo.

Kuagiza mzigo

Mweleze mchinjaji siku moja kabla, kisha uwepo machinjioni alfajiri, saa 12 au saa 1 asubuhi. Mwambie hivi: unataka mzigo mzima toka koo mpaka mwisho, usikatwe, usioshwe, na ini libaki limeshikana na nyongo na matumbo. Sisitiza, kwa sababu mazoea ya kazi yake ni kinyume cha unachotaka. Yeye hutoa nyongo mapema isije ikapasuka na kulichachua ini, halafu huyamwagia matumbo maji ya moto na kuyakwangua. Maji hayo huivisha utando wa ndani na kuua vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazovunjavunja chakula. Ukiletewa matumbo meupe yanayong'aa, yanafaa jikoni, mezani hayafai.

Mwombe afunge uzi kwenye umio na kwenye puru kabla ya kuvitoa, vilivyomo visimwagike. Weka mzigo kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo hiyo ndani ya beseni la barafu, na uanze kazi ndani ya saa 3. Seli za utando wa utumbo mwembamba huanza kujimeng'enya mara damu inaposimama, na mpaka jioni zitakuwa uji. Usigandishe: fuwele za barafu hupasua seli.

Nunua tu nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Usikubali kibudu hata kwa bure. Kimeta kipo Uganda. Mlipuko wa wilaya ya Kyotera mwaka 2023 uliua watu, na ugonjwa huo huingia kwa kushika mzoga kwa mikono yenye mikwaruzo. Glovu ni lazima, na mwenye kidonda mkononi achukue kazi ya kuandika.

Mezani weka bati au trei kubwa, mkasi wenye ncha moja butu, wembe mpya, kibanio, tepu ya fundi cherehani, lenzi ya kukuza mara 10, karatasi za kupimia asidi, uzi, sahani nyeupe, glasi ndogo saba au nane na maji safi ya kutosha.

Kabla ya kukata, fuata kwa vidole

Kosa la kawaida ni kuanza na mkasi. Tandaza mzigo kwanza, tafuta umio, na ufuate njia kwa vidole mpaka mwisho huku ukitenganisha polepole ule utando mwembamba unaoyashikilia matumbo. Utando huo ndio barabara ya damu, limfu na neva. Uinue kwenye mwanga wa dirisha na utaona mishipa ikijikusanya na kuelekea upande mmoja, kwenye ini. Damu ya utumbo hairudi moyoni moja kwa moja: hupita kwanza kwenye ini kwa mshipa mmoja mnene, ili glukosi ihifadhiwe na sumu zipunguzwe.

Pima urefu. Utumbo mwembamba wa mbuzi mkubwa hupita mita 20. Wa binadamu, ukipimwa kwa maiti, ni kama mita 6. Aliye hai huwa na mfupi zaidi, kwa sababu misuli yake bado imejikaza. Ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kutaja urefu tofauti na vyote vikawa sahihi.

Tabaka nne kwenye kipande cha sentimita 3

Kata kipande kifupi katikati ya utumbo mwembamba, kisuuze, kishike kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kisugue. Utasikia ngozi ya ndani ikiteleza juu ya ya nje, kama soksi ndani ya soksi. Kuteleza huko ndiko kunakouwezesha ukuta kujikunja na kutanuka bila kuchanika.

Sasa kigawanye. Nje kabisa kuna utando mwembamba, unyevu, unaong'aa: serosa. Ndiyo inayoyafanya matumbo yapitane bila kukwaruzana, na ikivimba kila pumzi inauma. Chini yake ni misuli laini, mistari miwili: wa nje unakwenda kwa urefu, wa ndani unazunguka kama pete. Chana kwa kibanio. Nyuzi za nje zitachanika kwa urefu kirahisi, na ukijaribu kuzichana kwa kukingama zitagoma. Pete hubana nyuma ya chakula, nyuzi ndefu hufupisha bomba mbele yake, na chakula husogea hata ukiwa umelala chali.

Inafuata tabaka nyeupe, ngumu kuliko zote, submukosa. Ni tishu unganishi, imejaa nyuzi za kolajeni. Ivute, nguvu ya utumbo wote iko hapo, ndiyo maana kwa miaka mingi nyuzi za kushonea vidonda hospitalini zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo na mbuzi. Ndani kabisa ni mukosa, laini, yenye ute, inayokwanguka kwa ukucha. Kazi karibu yote ya kemia hufanyika kwenye huo utando unaokwanguka.

Kuna kitu ambacho hutakiona bila hadubini na rangi maalumu: nyavu mbili za neva, moja kati ya misuli miwili na nyingine ndani ya submukosa. Lakini dalili yake huonekana machinjioni. Utumbo uliotolewa sasa hivi huendelea kujinyonganyonga kwenye beseni, hauna ubongo wala uti wa mgongo. Unajiendesha wenyewe.

Kinywani: tumia mate yako

Mate ya mbuzi hayana amilesi, kimeng'enya cha wanga, kwa hiyo kwa jaribio hili mbuzi hafai. Chukua gramu 1 ya unga wa muhogo (chini ya nusu kijiko cha chai), ukoroge kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye mililita 100 za maji yanayochemka, koroga mpaka kiwe kiuji chepesi, kisha kiache kipoe. Suuza kinywa, ngoja dakika 2, kusanya mate mililita 4, uyachanganye na maji kiasi hicho hicho.

Andaa glasi tatu zenye kiuji mililita 5 kila moja. Ya kwanza tia mate mililita 1. Ya pili tia mate yaliyochemshwa dakika 5 yakapoa. Ya tatu tia mate na siki mililita 1. Zote zikae kwenye maji ya nyuzi 37. Kama huna kipimajoto: kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwa vikombe vinne vya maji ya bomba. Hesabu hiyo ni ya Kampala, ambako kwa kuwa mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 na si 100. Kabale kwenye baridi, ongeza ya moto kidogo.

Kila dakika chota tone moja, liweke kwenye sahani nyeupe juu ya tone la iodini. Iodini ya famasi ya kuoshea vidonda inatosha ukiizimua mara 10. Glasi ya kwanza itaanza na buluu nzito, itapita zambarau, na kati ya dakika 5 na 10 itabaki na rangi ya iodini tu: wanga umekuwa sukari. Nyingine mbili zitaendelea kutoa buluu. Moto umeharibu umbo la kimeng'enya, asidi imekizuia.

Jaribio hili linaharibika kwa njia tatu, na zote zinaonekana kama mafanikio au kushindwa kwa mate. Kwanza, kiuji kizito: buluu haitaisha hata baada ya nusu saa. Pili, tone la moto: rangi ya buluu hupotea yenyewe kwenye joto, na mwanafunzi ataandika kwamba wanga umekwisha. Liache tone lipoe sahanini kabla ya kusoma. Tatu, na hii huwanasa hata walimu, ni kutumia ndimu badala ya siki. Vitamini C ya ndimu huifuta rangi ya iodini, basi utapata "hakuna wanga" kwenye glasi iliyojaa wanga.

Umio

Upasue kwa urefu. Ndani ni mweupe, mgumu, wenye mikunjo ya urefu. Utando wake ni wa seli zilizopangana safu juu ya safu, kama wa kinywa, na safu ya juu huchubuka na kubadilishwa siku zote. Ni ukuta wa kuvumilia mikwaruzo ya mifupa ya samaki na ganda la chapati kavu. Haufyonzi kitu. Wa binadamu una urefu wa sentimita 25 hivi.

Angalia rangi ya misuli kwenye mkato: kwa mbuzi ni nyekundu kama nyama ya paja mpaka mwisho, maana lazima aweze kurudisha cheu kinywani. Kwetu sisi theluthi ya juu tu ndiyo ya aina hiyo. Chini ni misuli laini, na ndiyo sababu ukishameza hukumbuki tena. Umio hauna lile koti nene la ute lililoko tumboni. Asidi ikirudi juu, hukuta ukuta usio na kinga, na hicho ndicho kiungulia.

Vyumba vinne, na kimoja kilicho chetu

Vitatu vya kwanza vipitie haraka, na uvipasulie nje kwa sababu ya harufu. Kikubwa kina manyoya mafupi magumu, wengine hukiita taulo. Kinachofuata kina mistari kama sega la nyuki. Cha tatu ni kurasa zilizobanana, ndicho kile kitabu. Hivi ni vyumba vya kuchachusha majani kwa msaada wa bakteria. Kuta zake hazitoi asidi wala vimeng'enya. Binadamu hana hata kimoja. Uchachushaji wetu uko mwishoni, kwenye utumbo mpana.

Cha nne ndicho tumbo lako. Kipasue kwenye mzingo wake mkubwa. Badiliko utalihisi kabla ya kuliona: ghafla ukuta ni laini, mzito, unateleza, una mikunjo mipana ya waridi. Weka karatasi ya kupimia asidi moja kwa moja kwenye mukosa kabla ya kusuuza, na mara nyingi itasoma pH kati ya 2 na 4. Sasa suuza sehemu ndogo na uitazame kwa lenzi. Mukosa imetobolewa matundu madogo yasiyohesabika, na chini ya kila tundu kuna tezi zenye seli za kazi tofauti. Nyingine hutoa asidi ya haidrokloriki, nyingine pepsinojeni (ambayo asidi huigeuza kuwa pepsini, kimeng'enya cha protini), na zile za juu hutoa ute wenye baikaboneti unaozuia asidi isimle mwenyewe. Binadamu hutoa kama lita 2 za majimaji haya kwa siku.

Kuijaribu pepsini, kwangua mukosa gramu 5, ikate kate, ikoroge kwenye maji mililita 20, uchuje kwa kitambaa. Chemsha yai, kata ute mweupe vipande vya milimita 3. Glasi ya kwanza: mchujo mililita 5, asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M mililita 5, kipande kimoja. Ya pili: mchujo na maji. Ya tatu: asidi na maji. Ya nne: mchujo uliochemshwa, na asidi. Ziweke kwenye flaski ya chai yenye mdomo mpana iliyojaa maji ya nyuzi 38, ubadilishe maji kila baada ya saa 3 (na flaski hiyo isirudi tena kwenye chai). Baada ya saa 4 hadi usiku mzima, pembe za kipande cha glasi ya kwanza zitakuwa za mviringo na zenye kupenyesha mwanga. Glasi ya tatu ndiyo ya kuijadili darasani, kwa kuwa wengi huamini asidi ndiyo inayoyeyusha nyama. Peke yake, kwa muda huo, haifanyi kitu cha maana. Kazi yake ni kuiamsha pepsini, kukunjua protini na kuua vijidudu.

Sasa vidonda vya tumbo vinaeleweka bila maneno mengi. Kidonda ni mahali ambapo ute umeshindwa na asidi imefika kwenye tabaka za chini. Visababishi vikuu ni viwili. Cha kwanza ni bakteria Helicobacter pylori, aliyethibitishwa na Barry Marshall wa Australia, ambaye mwaka 1984 aliwanywa mwenyewe akapata uvimbe wa tumbo. Yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Cha pili ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zinazopunguza utengenezaji wa ule ute. Hizo ndizo watu hununua dukani vidonge viwili viwili kwa ajili ya mgongo, kisha wanalaumu pilipili. Pilipili inaweza kuwasha kidonda kilichopo, haikichimbi. Choo cheusi cha kunata kama lami au matapishi yenye damu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenye mukosa hii pia ukitazama vizuri unaweza kukuta minyoo ya sentimita 2 au 3, myembamba, yenye mstari mweupe uliozungushwa kwenye mwekundu. Ni Haemonchus contortus, anayenyonya damu ya mbuzi. Mwekundu ni damu, mweupe ni mirija ya mayai yake. Haishi tumboni mwako, usiogope.

Kilango na kinachofuata

Mwisho wa tumbo pitisha kidole. Utasikia pete nene ya misuli ikikibana: tabaka lile lile la duara ulilolichana mwanzo, hapa limenenepa likawa mlango. Hufunguka kidogo kidogo na kupitisha mililita chache tu kila mara. Utumbo ukionja mafuta, hutuma homoni ya kuufanya mlango huo ukaze. Ndiyo maana roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya mayai mawili iliyokaangwa kwa mafuta mengi hukuweka hadi mchana, lakini chai na mkate vimeshaondoka saa 4 asubuhi.

Hapa kuna jambo linaloonekana mara moja tu kwa kila mbuzi, basi kusanya darasa lote kwanza. Pasua duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, kwa urefu, upande usioelekea ini. Suuza. Sasa bonyeza mfuko wa nyongo polepole kwa kidole gumba. Kwenye ukuta wa ndani, mahali palipoonekana hapana kitu, kichunusi kidogo kitatoa tone la kijani. Huo ndio mdomo wa mfereji. Kwa mbuzi mfereji wa kongosho huungana na wa nyongo, na kwa watu wengi huungana vivyo hivyo mlangoni. Jiwe moja likikwama hapo, viungo viwili vinaugua kwa pamoja.

Kongosho lenyewe hutupwa au kuuzwa pamoja na mafuta kwa sababu linafanana nayo. Ulitenganishe hivi: kata kidogo, dondosha majini. Mafuta huelea, kongosho huzama. Kwa lenzi lina vinundu vinundu vya waridi hafifu. Hutoa vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta pamoja na baikaboneti ya kuua makali ya asidi. Vile vya protini hutoka vikiwa vimelala na huamshwa utumbo ukifikiwa. Vikiamka ndani ya kongosho lenyewe, huanza kulila. Mawe ya nyongo na waragi (pombe kali) nyingi ndivyo visababishi vinavyoongoza.

Nyongo si kimeng'enya. Ionyeshe: glasi mbili za maji mililita 10, matone 5 ya mafuta ya kupikia kila moja, na kwenye moja ongeza nyongo mililita 1. Tikisa zote dakika moja, uziache. Kwenye maji matupu mafuta yatarudi juu kwa dakika chache. Kwenye yenye nyongo yatabaki yametawanyika kama maziwa ya rangi ya majani. Mafuta yamekatwakatwa tu, hayajameng'enywa. Hiyo ni kazi ya lipesi ya kongosho, ambayo sasa ina pa kushika.

Ini likatwe kukingama mifereji ya nyongo. Mifereji minene, migumu, iliyochakaa kama bomba la zamani, ni dalili ya minyoo bapa ya ini, Fasciola gigantica, wanaopatikana kwa mifugo inayolishwa kwenye madimbwi. Wakati mwingine watatoka wenyewe kama majani madogo.

Ukuta unaofyonza

Kata sentimita 2 za utumbo mwembamba karibu na duodeni, ufungue, uelekeze mukosa juu, uuzamishe kwenye kisahani cha maji safi kilichowekwa juu ya kitambaa cheusi. Mwanga uje kwa pembeni. Nje ya maji ukuta unaonekana kama kitambaa cha mahameli kilicholowa. Majini vinyweleo vinasimama, vinayumba ukitikisa kisahani, na unaweza kuvitofautisha kimoja kimoja kwa lenzi. Kwa binadamu kila kimoja kina urefu wa nusu milimita hadi milimita moja. Ndani yake mna mishipa ya damu inayobeba glukosi na asidi za amino, na katikati mfereji wa limfu unaobeba mafuta. Juu yake mna safu moja tu ya seli. Linganisha na umio: kule safu nyingi za kuzuia, hapa safu moja ya kupitisha.

Vitabu vingi husema eneo la ndani ni kama uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 viliteremsha hesabu hiyo hadi mita za mraba 30 hivi. Bado ni sakafu ya darasa dogo ndani ya tumbo la mtu mmoja.

Seli hizo huishi siku 3 hadi 5 kisha humwagika. Kuhara sana huziondoa mapema, pamoja na laktesi, kimeng'enya cha sukari ya maziwa kinachokaa kwenye ncha zake. Hivyo mtoto aliyetoka kuhara anaweza kuvimbiwa kwa maziwa aliyoyanywa vizuri wiki iliyopita. Bongo (maziwa ya mgando) humfaa zaidi, kwani bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya sukari hiyo.

Kwa siku moja lita 9 hivi huingia kwenye utumbo: 2 za kunywa na kula, zilizobaki ni mate, majimaji ya tumbo, nyongo, kongosho na utumbo wenyewe. Kwenye choo hutoka mililita 100 hadi 200 tu. Kipindupindu hufungua bomba la kutoa na kuacha mlango mmoja wa kurudisha ukiwa mzima: ule unaochukua chumvi na glukosi kwa pamoja, maji yakifuata nyuma. Dawa ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) hupita mlango huo. Ukikosa pakiti, lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya usawa bila kilima. Chumvi ikizidi ni hatari; sukari ikizidi huvuta maji na kuongeza kuhara. Sukari si ya ladha hapo.

Utumbo mpana na punje za mbuzi

Tafuta mahali utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, kando ya kifuko kilichofungwa upande mmoja. Cha mbuzi ni kirefu. Cha binadamu ni kifupi na kimening'iniza kidole tumbo, ambacho mbuzi hana. Vinyweleo vimekwisha hapa. Ukuta ni laini, umejaa tezi za ute.

Halafu fuata sehemu iliyojiviringa kama mkeka uliosukwa duara. Toboa mwanzoni, katikati, na mwishoni. Mwanzoni ni uji wa kijani. Katikati uji umekaza. Mwishoni utakuta punje zimeshaanza kukatwa moja moja, na ukizigusa kupitia ukuta ni kama tasbihi. Mita chache za bomba zimekausha uji mbele ya macho yako, na misuli ya pete imeukata kwa mpigo wake. Wa binadamu, mita 1.5, hufanya kazi hiyo hiyo bila kukata punje, ila mtu aliyekaa siku nne bila kwenda choo huelekea kuzitoa.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, na ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa nyuzinyuzi. Hoja yake: wanaokula vyakula visivyokobolewa hutoa choo kingi, laini na kwa haraka. Nyuzinyuzi hushika maji na kulisha bakteria, na misuli hupata kitu cha kusukuma. Posho (ugali) ya unga uliokobolewa ina chache. Maharage yana nyingi zaidi.

Kila mwanafunzi anaweza kupima mwendo wake bila kisu. Ale gunzi moja la mahindi ya kuchemsha bila kutafuna sana, aandike saa, na asile mahindi mengine siku tatu. Ganda la punje lina selulosi nyingi, hatuna kimeng'enya chake, hivyo litatoka lilivyo. Kwa wengi ni kati ya saa 24 na 48.

Kusafisha

Usirudishe mabaki jikoni hata kama nyama ilikuwa safi. Imeshakaa mezani saa nyingi. Yachimbie nusu mita au zaidi, mbali na kisima, mbwa wasifukue. Osha meza na vyombo kwa sabuni kwanza, maana klorini hudhoofika kwenye damu na mafuta. Kisha tumia Jik (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, uiache dakika 10, suuza. Chombo chenye siki au asidi kisuuzwe kwa maji mengi kabla Jik haijakigusa, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya klorini, na chumba cha maabara kilichofungwa madirisha ni mahali pabaya pa kuligundua hilo.